Seti za sarafu za Kenya za kupangwa nyumbani: ipi inastahili bei yake?

Sarafu za wanyama za Kenya zilizinduliwa Desemba 2018: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Jumla yake ni shilingi 36. Leo sarafu hizohizo nne, zikiwa zimepangwa kwenye kadi na kuitwa seti, zinauzwa kwa mara kumi ya hapo na zaidi, kwenye maduka ya zawadi na mitandaoni. Swali si kama huo ni wizi. Swali ni muuzaji ameongeza nini juu ya zile 36, kwa sababu anachouza ni kile alichoongeza. Mtu wa Nairobi au Mombasa hukusanya hizo nne kwa chenji ya siku moja. Wanunuzi wa kweli ni mtalii, Mkenya aliye ughaibuni na mkusanyaji wa nchi nyingine asiyeweza kusimama kibandani kuomba chenji.

Tuanze na aina mbovu kuliko zote: sarafu zilizogundishwa kwenye kadi ya manila. Kwa mbali inapendeza, na ni rahisi kutengeneza. Lakini gundi ya moto huacha alama nyuma ya sarafu, gundi ya papo kwa papo hutoa mvuke unaoweka utando mweupe juu ya metali, na selotepu ya pande mbili hugeuka utomvu baada ya miezi michache ya joto la Pwani. Mnunuzi hawezi kuona upande wa pili, nao ndio wenye nembo ya taifa au sura ya rais. Seti ya namna hii ni pambo la ukutani. Ikizidi shilingi 100, iache.

Aina ya pili ni vifuko laini vya plastiki, vile vya mifuko minne au kumi kwenye ukurasa mmoja. Hapa kinachoamua ni plastiki yenyewe. Plastiki laini inayokunjika na kunuka kama pazia jipya la bafuni mara nyingi ni PVC. Kilainishi kilichomo hutoka polepole, hukutana na unyevu, na sarafu huota utelezi wa kijani unaonata, hasa zenye shaba. Kuna jaribio la zamani: choma waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse kipande cha plastiki hiyo, urudishe kwenye moto, moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini ndani, nayo ni dalili ya PVC. Fanya nje, maana moshi wake una sumu. Plastiki salama ni Mylar, aina ya poliesta, nayo ni ngumu kidogo, hulia kama karatasi ikikunjwa, haina harufu. Muuzaji asiyejua amenunua plastiki gani amekuuzia tatizo la mwaka kesho.

Aina ya tatu ndiyo inayofaa kununuliwa na kutengenezwa: fremu za katoni za milimita 50 kwa 50 zenye dirisha la Mylar. Unaona pande zote mbili, unaandika maelezo juu ya katoni, na sarafu haiguswi tena na kidole. Madirisha yake hupanda kwa hatua za milimita 2.5: 20, 22.5, 25, 27.5 na kuendelea. Pima sarafu kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, uchague dirisha lililoizidi kwa milimita moja au mbili. Likibana, ukingo wa katoni hukwaruza sarafu. Likizidi sana, sarafu hucheza na kuonekana imekaa upande. Futa vumbi la katoni kwa brashi laini kabla ya kufunga, kwa kuwa chembe moja ikibaki huacha doa baadaye. Piga stepla pande tatu, mbali na dirisha, kisha ubane kila pini kwa koleo hadi ilale bapa. Hatua hii ya koleo ndiyo wauzaji wengi huiruka. Ukipanga fremu kumi kwenye boksi, ncha ya pini moja huchana dirisha la jirani, na mikwaruzo inaanzia hapo. Kwa anayeishi Lamu, Mombasa au popote penye hewa ya chumvi, pini za kawaida hushika kutu, basi afadhali fremu za kujigundisha zenyewe, ingawa ni ghali zaidi na ukikosea huwezi kufungua bila kuichana.

Vidonge vya plastiki ngumu, yaani vikasha vya duara vya kuhifadhia sarafu moja moja, ni aina ya nne. Ni vizuri, lakini kumvisha twiga wa shilingi moja kidonge kinachomzidi bei mara nyingi ni kumvisha mbuzi suti. Vina maana kwa sarafu moja ya kipekee, si kwa seti ya chenji.

Sasa sarafu zenyewe. Kosa linaloharibu seti nyingi kuliko ufungaji mbaya ni usafishaji. Ukwaju na ndimu hung'arisha sinia la shaba, na watu hudhani sarafu ni sinia. Asidi hula ngozi ya juu ya metali: sarafu ya shaba nyeupe hupauka, ya rangi ya dhahabu hugeuka waridi isiyo ya asili. Dawa ya meno na jivu ni misasa. Huacha mistari midogo inayoonekana mara tu ukigeuza sarafu chini ya taa moja. Za metali mbili, kama ya shilingi 40, huwa mbaya zaidi, kwani maji ya ndimu hujificha kwenye kiungo cha pete na kiini na kuendelea kula wiki nzima. Kinachoruhusiwa ni maji vuguvugu na sabuni kidogo, suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kausha kwa kugandamiza taulo laini bila kusugua. Mafuta na mabaki ya gundi huondolewa kwa asetoni safi, si dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato. Pitisha sumaku pia. Sarafu inayoshika sana ni chuma kilichopakwa metali nyingine. Kutu yake huanzia ukingoni, pale mpako ulipo mwembamba, na hakuna sabuni ya kuiondoa. Iliyokwisha kushika kutu irudishe dukani ununulie mkate.

Kwa upande wa mpangilio, seti ya wanyama wanne ni ya kila mtu, na ndiyo sababu faida yake ni ndogo. Inayostahili bei ni ile inayoonyesha safari kutoka sura za marais hadi wanyama. Weka shilingi moja ya Jomo Kenyatta, shilingi tano ya Moi yenye pembe saba ya mwaka 1985, shilingi kumi ya metali mbili ya Moi iliyoanza 1994, shilingi 40 ya Kibaki ya 2003 ya miaka arobaini ya uhuru, kisha wanyama wanne. Sarafu nane, thamani ya kulipia 92. Kadi ya maelezo ieleze kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, ndipo mnunuzi anaelewa kwa nini nyuso zinakoma ghafla. Sentensi hiyo moja inauza kuliko boksi la mahameli.

Mnunuzi akague mwaka kwenye sarafu ya Mzee. Sura ya Jomo Kenyatta ilirudi kwenye sarafu kuanzia 2005, na seti nyingi za mezani huchomeka hiyo ya karibuni mahali pa ile ya zamani. Za 1966 hazina maandishi ya jina kuzunguka sura, yaliongezwa 1969. Anayetaka kwenda mbali zaidi apange mfululizo wa kwanza mzima: senti 5, 10, 25 na 50, shilingi 1 na 2. Senti 25 na shilingi 2 ndizo hutafutwa sana, maana ziliachwa mapema.

Bei haipimwi kwa macho. Tuseme fremu moja ni shilingi 20 na kazi yako ni shilingi 400 kwa saa. Seti ya wanyama: sarafu 36, fremu nne 80, kadi na kifuko 40, robo saa ya kazi 100. Hiyo ni 256. Ongeza asilimia kumi ya fremu zilizochanika na sarafu zilizokataliwa, unafika 282. Ukiuza 300 na mtandao ukakata asilimia kumi, unapokea 270. Umepoteza shilingi 12 na jioni yako. Kwa 450 unabaki na 123. Seti ya nane: sarafu tuseme 250, kwa kuwa za zamani hununuliwa juu ya thamani yake, fremu 160, kadi 60, dakika 25 za kazi 167, jumla 637, na ukiongeza ile asilimia kumi unafika 701. Ukiuza 1,200 unabaki na 379. Kwa hiyo ya pili inalipa mara tatu kwa kazi isiyofika maradufu. Bei ya 2,500 kwa wanyama wanne waliotoka kwenye chenji haina maelezo yoyote, hata kama neno "adimu" limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Hata ile ya 40 ilitolewa itumike sokoni, na bado inapatikana. Kinachokuwa kigumu ni kuipata ikiwa haijachakaa. Angalia nywele na shavu la sura: zikilainika na kung'aa kuliko sehemu nyingine, imetumika, na tangazo liseme hivyo.

Jambo jingine la kukagua ni nembo. Seti ya nyumbani isibebe alama ya Benki Kuu wala maneno "toleo rasmi". Nyuma ya kadi iandikwe wazi kwamba imepangwa na muuzaji.

Kuhusu kutuma: sarafu isiyobanwa hutoboa bahasha yenyewe. Fremu zifungwe kati ya vipande viwili vya katoni ngumu, mawimbi ya kimoja yakikata ya kingine, kisha ndani ya bahasha yenye mapovu. Kwenda nje ya nchi, kanuni za posta za kimataifa kwa kawaida haziruhusu sarafu ndani ya barua isiyokatiwa bima, kwa hiyo uliza dirishani kabla ya kutangaza bei ya usafirishaji. Bima hiyo huweza kuizidi seti ya wanyama bei, na ndiyo sababu wauzaji wenye akili hutuma nje seti ya nane tu, au mbili kwa pamoja.