Panji au Klana: kinyago kipi kinamdai zaidi mchezaji?

Katika topeng, ngoma ya vinyago ya Cirebon, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, mchezaji mmoja huvaa vinyago vitano kwa zamu: Panji, Samba, Rumyang, Tumenggung na Klana. Cha kwanza na cha mwisho ni mbingu na ardhi.

Vyote huvaliwa namna moja. Hakuna kamba; ndani kuna kipande cha ngozi kinachoumwa kwa meno, pumzi ikipita puani. Kabla ya hapo mchezaji hucheza uso wazi, kisha hugeukia sanduku na kuvaa kinyago akiwa amewapa watazamaji mgongo. Wachezaji wengi wa jadi hufunga kula Jumatatu na Alhamisi ili nafsi itulie.

Klana ni mwekundu, macho yamemtoka, ana masharubu. Miguu hutanuliwa, kichwa hugeuzwa kwa ghafla. Kinachomponza mchezaji ni pumzi: akihema kwa mdomo, meno yanalegea na kinyago kinacheza usoni.

Panji ni mweupe, macho membamba yakitazama chini. Gamelani, kundi la ala za gongo na ngoma, inarindima kwa kishindo, naye karibu hasogei. Hapo ndipo penye kazi. Bega likifuata mdundo, utulivu umevunjika. Taya likichoka, kidevu kinashuka: kuinama kidogo ni haya, kuzidi hapo ni usingizi. Nguvu za mwili zinaweza kumbeba mtu katika Klana. Kwa Panji hana pa kujificha, kwa hiyo kwetu Panji ndiye mgumu zaidi.