Niliuliza kama kuna mnyama ndani ya krispi, nikajibiwa "usile"

Utamu wa krispi hizi za viazi zenye ladha ya moshi sina ugomvi nao, wanangu wanazigombania. Ninachoandikia ni yule mtu wa huduma kwa wateja aliyeniambia, kwa sauti ya kuchoshwa na mimi: "Mama, hivyo ni viazi tu. Kama unaogopa, usile."

Nina mzio wa alpha-gal. Huku North Carolina kuna kupe, jike lake lina doa jeupe mgongoni. Akikuuma, mwili unaweza kuanza kuikataa sukari fulani, ndiyo hiyo alpha-gal, iliyomo kwenye ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Kuku na samaki ninakula. Ubaya wa mzio huu haukushiki mezani. Unakula jioni, unalala vizuri, halafu baada ya saa 2 hadi 6 unaamka vipele mwili mzima na pumzi inabana. Kwa hiyo msiniambie nionje kidogo nione. Naitegemea lebo.

Na lebo yenyewe imeandikwa "ladha asilia", basi! Sheria ya Marekani inaruhusu maneno hayo yabebe hata kitu kilichotolewa kwenye nyama. Vyakula vikubwa 9 vinavyoleta mzio lazima vitajwe, ufuta ukiwa umeongezwa tangu 2023, lakini nyama ya ng'ombe wala ya nguruwe haimo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana nikapiga simu, na swali langu lilikuwa moja: ladha hiyo imetoka kwenye mmea au kwa mnyama?

Akaniacha na muziki weee, akarudi kuniambia hazina gluteni. Nani kauliza gluteni? Nikarudia swali. Akasema hiyo ni siri ya kampuni. Nikamwambia sitaki mapishi yenu, nataka kujua kama leo nitalala kwangu au hospitali. Hapo ndipo akanitolea hilo la "usile".

(Mnaonishauri nitafute nembo ya halali, asanteni, ila hainitoshi. Gelatini ya ng'ombe aliyechinjwa kwa kisomo ni halali kabisa, na mimi inaweza kuniua. Ya samaki ndiyo nafuu yangu.)

Nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu baadaye mwenzake alinijibu kwa barua pepe, kwa adabu: ladha ni ya hamira na vitunguu, hakuna kitu cha mnyama. Mistari miwili tu. Nikazila, na usiku ukapita salama.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kupandwa na hasira. Kumbe jibu walikuwa nalo! Lilikuwa mezani kwao wakati mwenzao ananifokea. Natoa nyota moja, na hiyo ni ya aliyeandika barua pepe. Paketi nyingine sinunui, maana kampuni hubadilisha viambato bila kumtangazia mtu, na kila wakibadilisha itanibidi nipige simu ileile.