Nyumba za Lowokwaru, Malang: ipi ya kununua kwanza na ipi ya kuacha

Malang, katika mkoa wa Java Mashariki nchini Indonesia, ni mji wa wakazi zaidi ya 840,000 wenye wilaya 5, na anayetafuta humo nyumba ya kuishi ambayo pia inaweza kumwingizia kodi huelekezwa Lowokwaru kabla ya kwingine. Sababu haina siri: Chuo Kikuu cha Brawijaya, kilichoanzishwa mwaka 1963, Universitas Negeri Malang, chuo cha Kiislamu cha serikali cha Maulana Malik Ibrahim na vyuo vingine kadhaa vimesongamana katika wilaya hiyo, na kila mwaka wanafunzi wapya hufika wakitafuta pa kulala. Mji wenyewe umeinuka zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto la Surabaya, jiji la pwani, halipo na usiku blanketi huhitajika.

Nimezipanga nyumba za Lowokwaru katika nafasi nne, na katika mpangilio huu nimetanguliza hati, kisha njia ya kuingilia. Vigae, rangi na bustani nimeviweka mwisho kabisa, kwa kuwa hivyo fundi huvibadilisha ndani ya mwezi mmoja.

Nchini Indonesia haitoshi kuambiwa kwamba nyumba ina hati. Ulizia ni hati ya aina gani. Ya juu ni SHM, cheti cha Hak Milik, yaani haki ya umiliki kamili, ambacho hakina kikomo cha muda, hurithishwa, na chini ya Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960 mtu binafsi hawezi kukimiliki asipokuwa raia wa Indonesia. Inayofuata ni HGB, haki ya kujenga na kumiliki jengo juu ya ardhi isiyo yako, ambayo hutolewa kwa miaka 30, huweza kuongezwa 20 na kisha kufanywa upya kwa 30. Chini kabisa ziko karatasi za zamani kama petok D na Letter C, ambazo asili yake ni kumbukumbu za kodi ya ardhi wala si umiliki. Kanuni ya serikali namba 18 ya mwaka 2021 iliwapa wenye karatasi hizo miaka 5 wakasajili ardhi yao. Kwa hiyo ukiletewa petok D, hata kama bei ni nusu ya ile ya jirani, mwambie muuzaji akasajili kwanza ndipo mzungumze.

Nafasi ya kwanza naipa nyumba iliyokwisha kukaliwa, yenye SHM, katika mitaa ya Mojolangu, Tulusrejo au Tunjungsekar. Haiko mlangoni pa chuo, lakini pikipiki hufika chuoni kwa muda mfupi, na wanaopanga huko ni familia na wafanyakazi kuliko vijana wanaohama kila muhula. Nyumba iliyokaliwa miaka kumi imeshaonyesha aibu zake zote: nyufa, paa linalovuja, ukuta unaonyonya maji. Jambo linaloshusha bei huko ni upana wa kichochoro, ambacho wenyeji hukiita gang. Nyumba mbili zinazofanana, moja gari linafika mlangoni na nyingine pikipiki tu, hazina bei moja, na pengo hilo hubaki siku ya kuuza kama lilivyokuwa siku ya kununua. Mimi ningenunua ile ya pikipiki ikiwa ni ya kuishi mwenyewe. Ikiwa ni ya kuuza baadaye, hapana. Mwanzoni mwa gang nyingi utakuta kibao kinachomtaka mgeni ajiandikishe ndani ya saa 24, na wa kuandikisha ni mkuu wa RT, cheo ambacho Mtanzania atakitambua mara moja kwa sababu kinafanana na cha balozi wa nyumba kumi. Msalimie huyo kabla ya kulipa chochote. Ndiye anayejua kama ndugu wa marehemu bado wanagombania kiwanja, na mara nyingi atakuambia bila kuulizwa mara mbili.

Ya pili ni kos, yaani nyumba ya vyumba vya kupangisha wanafunzi, na mahali pake ni Sumbersari, Ketawanggede na Dinoyo. Wapo watakaoshangaa kwamba sikuipa nafasi ya kwanza, maana kwa mapato ya mwezi haina mshindani wilayani. Lakini kos ni kazi. Inahitaji mlinzi au mama wa kuisimamia, maegesho ya pikipiki yanayolingana na idadi ya vyumba, maji yanayotosha watu ishirini wakioga saa moja asubuhi, na uamuzi wa mapema kama itakuwa ya wasichana au ya wavulana, kwa kuwa kuchanganya huleta malalamiko ya majirani. Mwaka 2020, vyuo vilipohamia masomo ya mtandaoni, wanafunzi walirudi makwao, na mwenye kos aliyekuwa na mkopo wa benki alijifunza kwamba wapangaji wake wote walikuwa na sababu moja tu ya kuwapo Malang. Anayenunua kos adai pia kibali cha ujenzi, IMB kwa jengo la zamani au PBG kwa jipya, kisha ahesabu vyumba na kuvilinganisha na vile vilivyomo kwenye michoro.

Nafasi ya tatu inakwenda kwa nyumba mpya za mradi, zile perumahan zinazochipuka pembezoni kama Merjosari, Tlogomas na Tasikmadu. Ni safi, zina lango na mlinzi. Tatizo liko kwenye karatasi: kampuni ya ujenzi kwa kawaida haiwezi kushika Hak Milik, hivyo kiwanja huanza kama HGB chini ya hati moja mama, ambayo baadaye hugawanywa nyumba kwa nyumba. Raia anaweza kuigeuza hati ya nyumba yake kuwa SHM, lakini baada ya mgawanyo huo. Anayelipa awamu kwa kampuni moja kwa moja, wakati hati mama bado imewekwa rehani benki, anajenga juu ya deni la mtu mwingine. Uliza hati mama iko wapi leo, na jibu lithibitishwe na ofisi ya ardhi, BPN, wala si na kijana wa mauzo.

Fleti nimeziweka mwisho. Ada ya huduma hulipwa kila mwezi hata chumba kikiwa kitupu, na zinagombania wapangaji walewale wa kos, ambazo ni rahisi zaidi. Anayetaka zilizo kando ya barabara ya Soekarno-Hatta aende kuziangalia alasiri ya Januari mvua ikinyesha, kwa sababu barabara hiyo hugeuka mto.

Juu ya bei, mnunuzi hulipa kodi ya kupata ardhi ya asilimia 5 baada ya kutoa kiwango kilichosamehewa, muuzaji hulipa asilimia 2.5, na PPAT, ofisa anayeandika hati ya mauziano, haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 1.

Asiye raia hana nafasi katika orodha hii kwa jinsi ilivyopangwa. Anaweza kupewa Hak Pakai, yaani haki ya kutumia, kwa miaka 30, ya kuongezwa 20 na kufanywa upya kwa 30, lakini kwa nyumba ghali tu: katika Java Mashariki kima cha chini kimewekwa rupia bilioni 5. Kununua kwa jina la rafiki ni batili chini ya kifungu cha 26 cha sheria ileile ya 1960, na ardhi huangukia kwa serikali. Aliyeoa au kuolewa na Mwindonesia bila mkataba wa kutenganisha mali humponza hata mwenzi wake, kwa kuwa mali yao huhesabiwa ya pamoja, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016 mkataba huo unaweza kufungwa hata baada ya ndoa. Wengine wote wapange nyumba nzima, kontrakan, ambayo kodi yake hulipwa kwa mwaka. Kabla ya kutoa fedha, soma mita ya umeme: nyingi ni za kulipia kabla, zenye namba 20 za kubonyeza kama LUKU, na iliyokaribia kuisha hulia usiku kucha.