Meza mbili katika chumba kimoja: ofisi ya msaada wa kisheria jijini Dodoma

Ofisi ninayoieleza hapa ni ya wasaidizi wa kisheria. Imepanga chumba kimoja katika nyumba ya zamani, si mbali na Soko la Majengo, na nimeitumia mara nne ndani ya miezi minne. Wahusika waliniomba nisiitaje kwa jina, kwa sababu ni watu watano tu, wote wa kujitolea, na hawataki kufurikiwa na watu ambao hawataweza kuwahudumia. Nimelikubali ombi lao, lakini siwezi kuacha kuandika, kwani mimi ni mwalimu mstaafu wa Mvumi ambaye kwa miaka mingi nimeambiwa kwamba mambo mawili ninayoyaamini hayawezi kukaa pamoja: kwamba mtu amezaliwa huru na hapaswi kushikwa na mwenye mamlaka pasipo sababu iliyo katika sheria, na kwamba mila tulizoachiwa na wazee zinastahili kulindwa. Ni katika chumba hiki nilipoyaona yote mawili yakifanyiwa kazi kwa pamoja, kwa saa za kazi na kwa karatasi.

Nilifika hapo kwa shida. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti katika nchi ambayo tulizoea kuiita kisiwa cha amani, na wiki zilizofuata watu walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini hata ndani ya nyumba zao. Mwezi Novemba mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda, alichukuliwa kijiweni pamoja na wenzake wawili. Kwa siku mbili hatukuambiwa kosa lake. Kituoni tulipoulizia tulielekezwa twende kwingine, na tulipokwenda huko tukarudishwa tulikotoka. Dada yangu alikuwa amekwishaanza kuuza mbuzi akitafuta fedha za kumpa mtu aliyedai kuwa angeweza “kulimaliza”. Jirani mmoja alituzuia akatupeleka kwenye ofisi hii.

Tuliingia saa mbili na nusu asubuhi. Mama anayeiratibu ofisi aliniamkia kwa shikamoo, akamgeukia dada yangu na kumsalimu “mbukwenyi”, kisha akamwacha alie mpaka atulie kabla ya kufungua daftari. Nalitaja jambo hili kwa sababu nimepita katika ofisi nyingi maishani mwangu ambako mtu huulizwa namba ya kitambulisho kabla ya kuulizwa hali yake. Baada ya hapo akafanya kazi kwa haraka na kwa mpangilio. Alituuliza saa ya kukamatwa, mahali, walioshuhudia, kama aliyemkamata alijitambulisha, na kama kijana alitajiwa sababu. Akatueleza, kwa Kiswahili ambacho dada yangu aliyeishia darasa la saba alikielewa chote, kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayemkamata mtu amweleze sababu, na kwamba kipimo chake cha muda wa kumfikisha mtu mahakamani ni saa 24, ingawa makosa makubwa yana utaratibu wake. Alitukumbusha pia kwamba dhamana ya polisi hailipiwi, na akamwambia dada yangu akawarudishe mbuzi zizini.

Mipaka yao waliisema mapema, na hilo liliniongezea imani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, lakini haiwaruhusu kusimama mahakamani kumwakilisha mtu. Kwa hiyo yule mama aliandika barua, akampigia simu wakili mmoja anayewasaidia kwa kujitolea, akatutuma kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua za utambulisho za wadhamini wawili, na alasiri akaongozana nasi hadi kituoni. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisoma barua yake, akaomba muda wa kupokelewa kwake uandikwe, akakaa kwenye benchi. Mpwa wangu alitoka jioni ile kwa dhamana, na hadi leo hakuna shtaka lililofunguliwa dhidi yake. Simu yake, ambayo alilazimishwa kuifungua, ilirudi baada ya barua ya pili iliyotaja ibara ya 16 ya Katiba, ile inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake.

Wapo watakaosema kwamba kijana angetoka hata bila barua. Huenda. Lakini dada yangu asingetoka na kile alichotoka nacho, yaani kujua kwamba hakuwa akiomba hisani. Haki hizi ziliingizwa katika Katiba yetu kwa marekebisho ya mwaka 1984, na ilikuwa mwaka 1988 ndipo mwananchi alipoweza kuzidai mahakamani. Nilikuwa kijana wakati huo, na nakiri kwamba sikumbuki kuona mtu yeyote kijijini akielezwa maana yake. Mama huyu alimweleza dada yangu kwa dakika kumi, huku akimwonyesha mstari kwa kidole.

Meza ya pili iko upande wa dirisha. Hapo hukaa mzee wa makamo ya kwenda sabini na tano, ambaye wote humwita Babu, na kazi yake ni usuluhishi wa mambo ya ukoo, ndoa na ardhi. Mimi nilirudi kwake mwezi Januari kwa ajili ya shamba letu la upande wa Chamwino. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mashamba ambayo zamani hayakuwa na mnunuzi yamekuwa yakitafutwa na watu wenye magari mazuri, na mtoto wa kaka yangu mdogo alikuwa amekwishapokea malipo ya awali kwa sehemu ambayo si yake peke yake. Babu alikataa kusikiliza upande mmoja. Aliagiza waje wote, pamoja na shangazi yetu ambaye kwa kawaida hukaa nje vikao vya namna hiyo vinapofanyika, akawapanga kwa umri, akamtaka kila mmoja aseme pasipo kukatizwa. Kikao kilichukua saa tano na tulikula ugali wa uwele na mlenda palepale, uliopikwa na jirani wa ofisi kwa fedha tulizochangishana. Mwisho wake kijana alikubali kurudisha malipo kwa awamu, nasi tukakubali apewe eneo lake la kujenga. Makubaliano yaliandikwa na kusainiwa, na Babu akatushauri tuombe hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa umiliki wa kimila hadhi iliyo sawa na ule wa kupewa na Serikali. Tungeanza kwenye baraza la kata pia tungesuluhishwa, maana tangu marekebisho ya mwaka 2021 mabaraza hayo husuluhisha migogoro ya ardhi na si kuiamua, lakini sidhani kama kuna mtu ambaye angekaa nasi saa tano.

Ninapotetea mila, watu wa mjini hudhani ninatetea amri. Historia ya huku kwetu haisemi hivyo. Wagogo walikuwa watu wa kaya zilizotawanyika, kila moja na tembe lake na zizi lake, na ukame ulipokaza mtu alihama na mifugo yake akaenda kuomba mahali kwa ndugu au kwa rafiki. Uwezo huo wa kuondoka ulikuwa uhuru, na ulikuwa mila. Kilichouvunja ni Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Wazazi wangu walihamishwa. Siandiki hili kubeza nia ya waliotaka watu wapate shule na maji, kwani shule hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu. Naandika kwa sababu aliyepoteza uhuru siku ile na aliyepoteza mila alikuwa mtu mmoja yuleyule, akiwa amesimama mbele ya tembe lile lile. Ndiyo maana huwa nashtuka ninaposikia methali ya “asiyesikia la mkuu huvunjika guu” ikitumiwa jukwaani kuwanyamazisha vijana. Mkuu nyumbani kwetu alikuwa mzazi anayemwonya mtoto kuhusu shimo, naye alikuwa tayari kuulizwa shimo liko wapi.

Hata hivyo, meza ya Babu si salama kwa kila mtu, na nisipolisema hili tathmini yangu itakuwa na upendeleo. Siku ya kikao chetu alikuja mjane mmoja ambaye ndugu wa marehemu mumewe walimtaka aondoke shambani. Babu alianza kumshauri avumilie na aombe apewe pa kukaa na watoto. Mratibu alisimama kutoka meza ya kwanza, akaja kwa heshima, akamwambia, “Babu, hili naomba tulikae wote wawili.” Kisha akaeleza kwamba sheria za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 ndizo zilizomweka mjane pembeni katika urithi, lakini kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakataa mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Akataja pia uamuzi wa Mahakama Kuu ya Mwanza wa mwaka 1990, ambamo Jaji James Mwalusanya alisema mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi, huku ikimruhusu mwanamume, haiwezi kusimama mbele ya haki zilizo katika Katiba. Jaji huyo huyo ndiye aliyeamua hapa Dodoma mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliutengua mwaka uliofuata. Watu wa rika langu wanakumbuka mjadala wake.

Nilimtazama Babu nikidhani atakasirika. Alinyamaza kwa muda mrefu, akamwuliza yule mjane ni nani aliyelifyeka shamba lile mara ya kwanza. Mjane akajibu kwamba ni yeye na mumewe. Babu akasema kwamba basi hata kwa wazee wa zamani jembe lake lingehesabiwa, akaagiza ndugu wa mume waitwe. Sijui shauri lao liliishaje, wala si haki yangu kulijua, na hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote za ofisi hii: nililisikia lote.

Chumba ni kimoja na hakina kizuizi. Mwanamke anayesimulia aliyotendewa na mumewe huisimulia mbele ya vijana wanaosubiri fomu. Daftari la wateja hulala wazi mezani, majina, mitaa na aina ya shauri vikisomeka na yeyote anayeinama kusaini, na mimi mwenyewe niliyaona majina ya watu wawili ninaowafahamu. Ofisi inayoandika barua za kutetea faragha ya mpwa wangu haiwezi kuliacha daftari hivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, adabu ya Kigogo haimruhusu mtu kuanika siri ya mgeni wake barazani. Nilimwambia mratibu, naye hakujitetea. Alisema wamelikosea hilo tangu walipohamia, na nilipokwenda mara ya mwisho mwezi Februari nilikuta daftari limewekwa ndani ya droo na kila mtu anaandikiwa na msaidizi. Kizuizi bado hakipo.

Kasoro nyingine ni ndogo. Hawana mashine ya kutoa nakala, hivyo utatumwa steshenari ng’ambo ya barabara, na foleni ya huko ni ndefu kuliko ya ofisini. Jumamosi wamefunga, jambo linalowaumiza watu wanaotoka mbali. Ngazi mbili za mlangoni hazina pa kushika, na shangazi yangu alilazimika kubebwa.

Huduma ni bure, na sikuombwa soda. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu huandika watu kumi na watano tu kwa siku, na aliyekamatiwa ndugu hupitishwa mbele pasipo manung’uniko. Njoo na kitambulisho chako cha NIDA, barua ya mtaa au kijiji kama unayo, na tarehe na saa ulizoziandika mwenyewe, maana kumbukumbu ya mtu mwenye hofu huchanganya siku. Kama jambo lako ni la ndoa au la mwili wako, mwombe mratibu akutoe nje kwenye mti wa mwarobaini ulio nyuma ya nyumba. Yuko tayari kufanya hivyo ukimwomba, lakini hatakuambia asipoulizwa. Kama ni la ukoo, usije peke yako ukitarajia Babu akupe ushindi, kwa sababu atakurudisha ukawalete wengine.

Ijumaa ijayo nitakwenda na fundi seremala wa Mvumi kupima ukubwa wa kile kizuizi. Mratibu amekubali, na Babu ameomba upande wa meza yake uachwe na nafasi ya kuweka kigoda cha tatu.