Shubh Mangal Zyada Saavdhan: nimeipenda zaidi kwa sababu ya baba

Kama wewe ni mpenzi wa picha za Kihindi zenye ukoo mzima ndani ya nyumba moja, ami na shangazi na binamu wote wakisema kwa pamoja, hii itakufaa. Mimi nimeitazama Prime Video. Ilitoka Februari 2020, mwongozaji ni Hitesh Kewalya. Kartik (Ayushmann Khurrana) na Aman (Jitendra Kumar) ni wapenzi wanaoishi Delhi, na jamaa zake Aman, akina Tripathi wa Allahabad, hawana habari. Wanakwenda kwenye harusi ya binamu yake Aman, Goggle, na humo safarini kwenye treni baba mtu anawafuma wakibusiana. Kuanzia hapo hakuna anayelala.

Nilitarajia filamu ya wapenzi wawili. Niliyoipata ni filamu ya wazazi, na nashukuru. Gajraj Rao ndiye Shankar, baba yake Aman, mtaalamu wa kilimo aliyezalisha koliflawa nyeusi na kujivunia nayo kupita kiasi. Mtu anayechezea maumbile ya mboga kutwa nzima anashindwa kumkubali mwanawe alivyoumbwa, na filamu inakuachia uyaunganishe hayo mwenyewe. Kinachochekesha si wale vijana. Tunacheka hofu ya wakubwa, zile mbio za kuficha aibu ndugu na majirani wasijue, mpaka inafika mahali Aman anafanyiwa ibada ya mazishi akiwa hai ili azaliwe upya. Nilicheka, kisha nikaona uchungu wake, kwa sababu wanaomfanyia hivyo wanampenda kweli. Neena Gupta, mama mtu, ana wepesi wa ajabu: neno moja analisema kwa hasira, la pili kwa huruma. Yeye na Rao waliwahi kuwa mume na mke katika Badhaai Ho ya 2018, na kuzoeana kwao kunaonekana hata wakiwa wamenyamaza.

Wapenzi wenyewe wamepewa kidogo. Tunaambiwa wanapendana sana, ila hatuoneshwi walivyoanza wala kila mmoja amempendea nini mwenzake. Khurrana ana kipini puani na ujasiri wa kumwaga. Pale anapopanda juu ya paa amejitanda bendera ya upinde wa mvua, akihutubia kwa kipaza sauti, niliona hotuba imeingia mahali pa hadithi. Jitendra Kumar, kwa utulivu wake, alinigusa zaidi. Nusu ya pili pia ina vituko vingi mno, na Kusum, msichana anayetafutiwa Aman ili amuoe, alistahili nafasi kubwa kuliko aliyopewa.

Hadithi imepangwa ifikie Septemba 6, 2018, siku Mahakama ya Juu ya India ilipoamua kwamba uhusiano wa hiari kati ya watu wazima wa jinsia moja si kosa tena chini ya kifungu cha 377, sheria iliyoachwa na Waingereza tangu 1860. Tukio hilo ni kubwa na linastahili kuwemo. Lakini mimi nilitaka kumwona baba akibadilika kwa mapambano ya moyo wake kwa muda mrefu zaidi kidogo.

Hata hivyo mwisho umenipata. Sisi tuliokulia filamu ya Dilwale Dulhania Le Jayenge tunaijua ile treni ya 1995, Amrish Puri, baba mtu, akiuachia mkono wa Kajol, bintiye, na kumwambia aende kwa mpenzi wake akaishi maisha yake. Hapa ruhusa hiyo hiyo anaitoa Shankar kwa mtoto wa kiume anayemfuata mwanamume. Nililia, sifichi.

Utani unakwenda mbio na maandishi ya tafsiri hayasubiri, kwa hiyo usiitazame huku unachezea simu. Naipa nyota nne kati ya tano, na moja na nusu ya hizo ni za Gajraj Rao.