Uzoefu wangu: WRX inachemsha maji, gereji inatibu kwa oili

Nyota mbili kwa sasa. Zinaweza kupungua kabla sijamaliza kuandika.

Gereji siitaji jina. Iko Dar, ina sakafu ya vigae, chumba cha kusubiria chenye kiyoyozi, kahawa ya bure, na mtu wa mapokezi ambaye ukimuuliza swali la kiufundi anataka kujua mumeo yuko wapi. Gari ni Subaru Impreza WRX, injini EJ20 ya turbo. Dalili nilizitaja zote: geji ya joto inapanda kwenye foleni AC ikiwa imewashwa, inapanda kwenye mlima, kisha inashuka yenyewe gari likipata mwendo. Fundi wa Subaru akisikia hivyo, mkono unakwenda wenyewe kwenye feni, kwenye kifuniko cha rejeta, kwenye hewa iliyonasa kwenye njia za maji. Fundi wa kwao hakufungua hata boneti. Alisoma kadi ya sevisi iliyopita, akaona oili ya 5W-30, kesi ikaisha. "Dada, hii oili ni maji matupu. Ndiyo inachemsha gari. Tunakuwekea 20W-50." Nikauliza wamepima nini mpaka wakajua ni oili. "Mwambie shemeji aje, nitamwelewesha."

Haya, ngoja nimweleweshe yeye.

Namba ya kwanza, ile yenye W, ni ya baridi. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa hali ya hewa ya kwetu hiyo si namba ya kugombania. Ya kuangalia ni ya pili, inayopimwa oili ikiwa na nyuzi 100: daraja la 30 linakaa kati ya sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) 9.3 na 12.5, la 40 linaanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, la 50 linaanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Kuruka kutoka 30 kwenda 50 kwa kawaida ni kuifanya injini isukume kitu kizito zaidi ya mara moja na nusu.

Na uzito huo unazalisha joto, hauliondoi. Oili nzito inasuguana yenyewe kwa yenyewe kila inapopenya kwenye nafasi nyembamba za beringi. Presha inapanda, ndiyo, na mafundi wengi wakiiona presha wanafurahi. Lakini presha si mtiririko. Ikizidi, vali ya kupunguza presha inafunguka na sehemu ya oili inarudi ilikotoka bila kufika kwenye beringi. Halafu hili ndilo lililoniudhi hasa: EJ20 ya turbo kama hii ina kipoza-oili juu ya filta, na kinapozwa na maji yale yale ya injini. Joto lote la ziada linalozaliwa kwenye oili linamwagwa kwenye maji ambayo tayari yameelemewa. Ni sawa na kumfunika blanketi mtu mwenye homa.

Kuna na turbo. Bolti inayopeleka oili kwenye turbo, kwenye injini nyingi za familia ya EJ, ina kichujio kidogo cha waya ndani yake. Oili nzito asubuhi, kichujio chenye uchafu wa miaka, na shafti ya turbo inazunguka ikisubiri oili ifike. Kama injini ina AVCS, ule mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka, vali zake za kudhibiti oili nazo zinaendeshwa kwa oili hiyo hiyo, na ikiwa nzito mno zinachelewa kuitikia. Taa ya injini inawaka, ukisoma kwa mashine unakuta msimbo wa hitilafu P0011 au P0021, na gereji kama hii itakuuzia sensa.

Nikitulia kidogo, 20W-50 si sumu. Vitabu vya zamani vya Subaru vyenyewe viliiruhusu kwa nchi za joto kali na kazi nzito. Kuna wakati 5W-30 ni nyepesi kweli: mwendo mkali wa muda mrefu, turbo ikisukuma, joto la oili (la oili, si la maji) likipita nyuzi 120. Hapo utando wa oili kwenye beringi unakuwa mwembamba mno. Kipimo kinachofaa kutazamwa kinaitwa HTHS, kinachoonyesha oili inavyostahimili kwenye nyuzi 150 ikiwa imebanwa: daraja la 30 linatakiwa angalau 2.9, 5W-40 angalau 3.5. Kwa WRX inayokimbizwa Dar, 5W-40 ya sinthetiki ndiyo chaguo langu. Kwa hiyo wangeniambia "oili yako ni nyepesi kidogo kwa unavyoendesha", tungeelewana. Ila oili nyepesi inaua beringi, haipandishi maji kwenye foleni na kuyashusha ukipata upepo. Joto linaloshuka kwa upepo linakuelekeza kwenye feni na rejeta.

Nyota mbili na nusu, basi, kwa sababu oili yenyewe ilikuwa halisi na kopo lilifunguliwa mbele yangu.

Hapana, subiri. Kopo la lita 5 lilimiminwa lote kwenye injini. Injini hii ikibadilishwa pamoja na filta inachukua lita 4 na kidogo, na kati ya alama ya L (chini) na F (imejaa) kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ni kama lita 1. Oili ikipita F, krenki inaanza kuipiga, inatoka povu, na povu halibebi joto wala halishikilii beringi. Nyingine inapulizwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye turbo na intakula (kipoza-hewa cha turbo), inachomwa pamoja na petroli, injini inaanza kugonga. Soma dipstiki ya Subaru asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa kwenye usawa. Jioni, oili ikiwa imetapakaa kwenye hedi mbili za pembeni, itakudanganya.

Mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa, ukamaliza ubishi. Nyuma ya malori, mwendo wa kutembea, hakuna upepo unaoingia kwenye grili, na sindano ikaenda kwenye nyekundu. Ikitokea hivyo zima AC, washa hita ya ndani kwa joto la mwisho, toa mguu kwenye mafuta utafute pa kusimama. Kifuniko usikiguse mpaka injini ipoe kabisa. Sindano ya Subaru pia inakaa katikati kwa muda mrefu hata joto likiwa linapanda, kwa hiyo nunua kile kifaa kidogo cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, usome nyuzi zenyewe. Chini ya 100 endelea, ikivuka 105 punguza.

Kilichokuwa kimeharibika? Raba ya kifuniko ilikuwa imepasuka, na feni moja kati ya mbili imekufa. Kifuniko kizima kinashikilia presha ya karibu 1.1 bar. Bila presha, Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Thamostati ya gari hili, ile vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, inaanza kufunguka kati ya 76 na 80, inafunguka yote kwenye 91. Angalia nafasi iliyobaki hapo! Kifuniko kizima kingeyavusha maji hayo hayo hadi karibu 119, na kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ingekwenda mbali zaidi. Feni nayo inapimwa kwa kuwasha AC tu: zote mbili zinatakiwa kuzunguka papo hapo. Vyote viwili ni dakika tano, bila spana.

Aliyeviona ni dogo mmoja wa huko nyuma ya gereji yao hiyo hiyo, niliporudi nikiwa nimefura. Alikifungua kifuniko injini ikiwa baridi, akakigeuza, akanionyesha. Akaangalia na mapovu kwenye chupa ya akiba, akaweka ile dawa ya bluu ya kupima gesi. Haikugeuka njano, kwa hiyo gasketi ya hedi ilikuwa imepona. Kisha akajaza maji inavyotakiwa: kupitia tangi la juu karibu na turbo, polepole, skrubu ya hewa kwenye kona ya rejeta ikiwa imefunguliwa mpaka maji yatoke bila mapovu, hita ikiwa imewashwa, injini ikiunguruma hadi feni zikawaka na kuzima. Akakumbuka kwamba WRX ina vifuniko viwili, kimoja cha tangi na kimoja cha rejeta, presha zake tofauti, havibadilishani. Huyo ni fundi.

Nilipouliza mapokezi kwa nini hayakufanyika mwanzo: "Hukuomba tuangalie maji." Oili ya ziada nirudishiwe? "Ikishamwagwa hairudi, dada."

Nyota moja, na ni ya dogo. Oili sasa ni 5W-40, imenunuliwa kwingine, imeishia kwenye F. Tairi na alaimenti, hata hivyo, wanafanya vizuri kweli, mashine yao ni mpya na usukani umenyooka. Kwa hiyo kwa tairi nendeni. Wakianza kuongelea oili, muulizieni dogo wa nyuma.