TAHADHARI: Huyu muuzaji wa giaboksi "zilizogeuzwa krauni" ni tapeli

Naandika nikiwa na hasira, lakini bora niandike sasa kabla hajampata mwingine.

Nina vani ambayo injini yake naihamishia katikati, mbele ya ekseli ya nyuma. Giaboksi yake iliundwa kwa injini iliyokaa nyuma ya ekseli. Ukiigeuza ielekee nyuma bila kuhamishia krauni (gia kubwa ya difu) upande wa pili wa pinioni (gia ndogo inayoizungusha), gia zote zinarudi nyuma na rivasi ndiyo inakwenda mbele. Kwa hiyo nikatafuta iliyokwisha kugeuzwa krauni, na huyu bwana akajitokeza.

Nilimwamini kwa sababu kazi anaijua. Bila kuulizwa, akanieleza kwamba Porsche walifanya hivyohivyo kwenye gari lao la 914 la mwaka 1969, lenye injini katikati: giaboksi ya 911, ambayo injini yake iko nyuma, krauni ikahamishwa. Na ni kweli! Mtu wa hivyo utamshuku kwa lipi? Kisha akatuma video. Gia ya kwanza, anazungusha kwa mkono shafti inayoungana na injini, flenji za kupeleka nguvu kwenye magurudumu zinakwenda mbele taratibu, sauti yake nyuma ya kamera: "Umeona, bosi wangu?" Nikatuma hela yote.

Jana tukafunga. Vani iko juu ya jeki, mafundi wamesimama, majirani nao wamekuja kutazama. Nawasha, naweka ya kwanza, naachia klachi. Magurudumu yanarudi nyuma. Ya pili, nyuma. Ya tatu, nyuma. Rivasi: mbele! Kimya kile cha watu sitakisahau. Nikampigia, akadai eti tumeifunga kichwa chini miguu juu, wakati tundu la kumwagia oili liko chini palepale linapotakiwa. Kisha akaniblock.

Usiku nimeirudia ile video. Shafti alikuwa anaizungusha kinyumenyume! Ukisimama upande wa injini ukaitazama ncha ya shafti, injini nyingi huizungusha kufuata mshale wa saa. Yeye anakwenda kinyume chake, ndiyo maana flenji zilionekana kwenda mbele. Bolti za kava la difu nazo zina rangi ya kiwandani, spana haijazigusa, yaani krauni haikuhamishwa kabisa. Na kila nilipotaka fundi akaikague, alikuwa "safarini".

Huyu ni mwizi na mahali pake ni rumande. Mtu hazungushi shafti kinyume mbele ya kamera kwa bahati mbaya, amepanga. Nataka hela yangu, gharama ya mafundi, na kesi juu. Meseji zote ninazo. Aliyeuziwa naye aje inbox, tukafungue jalada pamoja.